Niliyoyasema Kibabi, Niliyoyafuta Mubi

Mubi, Ijumaa, mchana

Sifa,

Umekwenda parokiani kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimefunga duka mapema ili nikuandikie kabla hujarudi. Kesho asubuhi unapanda lori la Kisangani. Kuhusu safari sina la kuongeza. Begi umelifunga mwenyewe, shangazi yako atakupokea, na mambo ya maji na soko la huko utayaona kwa macho yako. Lakini unakwenda kusomea kazi ya habari, utaishi kwa maneno ya watu. Mimi maneno ya watu niliyashika vibaya mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa mdogo. Mara ya pili ilikuhusu wewe, nawe hujui.

Nisamehe nikiandika Kiswahili cha darasani. Nimeshika kalamu na mkono umerudi wenyewe kwenye ubao wa Kibabi.

Nianze na Jumapili ile mjomba wako alipokula hapa. Alisema jirani zetu wa lugha ile nyingine, hata wakizaliwa hapa mara kumi, si watu wa hapa. Akasema angekuwa yeye mkubwa wa eneo, mtoto wao aliyekufa wiki ile asingezikwa karibu na baba yako. Ukamuuliza, "Mjomba, ule mutoto alizaliwaka hapa, akakufa hapa. Unataka bamuzike wapi?" Nikakuambia unyamaze, umheshimu mjomba wako. Ukanigeukia: "Mama, nyinyi bakubwa munaita woga heshima." Halafu, mbele ya watoto wake, ukamwita mlevi.

Sikukujibu siku ile. Leo najibu. Ulisema kweli. Sikukunyamazisha kwa heshima. Yule ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, na nilitaka chakula kiishe bila kelele. Mtoto wa watu alitukanwa akiwa kaburini, nami nikakuambia upunguze sauti. Lakini lile neno la mlevi, mwanangu, halikumsaidia yule marehemu. Hapo ulikuwa umeacha kumtetea mtu, umeanza kupiga, na ulikuwa unaona raha. Najua, kwa sababu raha hiyo niliionja mimi mwenyewe katika ukumbi wa kanisa Kibabi, na watu wakanipigia makofi.

Kibabi nilifundisha darasa la mwaka wa nne. Shamba letu la maharagwe lilipakana na shamba la mihogo la mwanamke nitakayemwita Riziki. Aliniita dada, nami nilimwita dada. Hakujua kusoma, basi karatasi yoyote iliyoingia nyumbani kwake niliisoma mimi, hata zile za zahanati, na sikuwahi kumwambia mtu kilichoandikwa humo. Alikuwa na watoto watatu: mvulana mmoja, mkubwa, kisha wasichana wawili. Yule mvulana alipotoweka, Riziki aliwaambia watu amekwenda Goma kujifunza uashi. Wote tulikubali.

Siku moja tukiwa tunapalilia aliacha jembe, akakaa kwenye tuta, akaniambia kwamba mtoto hayuko Goma. Yuko porini na watu wenye silaha. Kama alichukuliwa au alikwenda mwenyewe, hakujua, na nadhani hilo ndilo lililomla zaidi. Kila wiki alifua shati la shule la yule mtoto, akalianika kwenye kamba, kisha akalikunja tena likiwa safi kama lilivyokuwa. Alipomaliza kusema alinishika mkono.

"Dada, ile neno ibaki hapa mu mihogo."

Nikamwambia itabaki.

Ilibaki miezi mitatu. Kisha wakaja watu kutoka mjini, wa shirika fulani, kutusikiliza kuhusu amani. Walipanga viti katika ukumbi wa kanisa, wakaalika wakubwa wa kijiji chetu cha kilimani, wachungaji, walimu na akina mama. Mazungumzo yalikuwa juu ya vijana walio porini. Wanaume walisema kwanza, kwa muda mrefu. Mkubwa mmoja, ambaye watoto wake wote walikuwa wanasoma mbali, alisimama akasema kwamba mama za vijana wale ndio wanaowapikia na kuwaficha, na kwamba wafukuzwe kilimani pamoja na vyungu vyao. Akina mama wakainamisha vichwa.

Nikasimama mimi. Sikuwa nimepanga. Nikamwambia yule mkubwa, "Papa, kuna mama mumoja hapa kwetu." Nikaeleza kuhusu mtoto aliyesemekana yuko Goma, na mama asiyejua kama mtoto wake ni mwizi au ni mateka. Nikaeleza na lile shati. Sikutaja jina, na moyoni nilijisifu kwamba sikutaja jina. Mwanamke mmoja wa wale wageni alilia. Yule mkubwa akatazama chini ya meza. Nilipokaa walipiga makofi, wakanipiga picha, na mmoja wao akaja kuniuliza jina langu linaandikwaje.

Kulikuwa na mtu gani kwenye kilima chetu ambaye hakuwahi kuliona shati lile kwenye kamba?

Tukirudi nyumbani, baba yako alitangulia mpaka tukafika kwenye ua. Ndipo akasema, "Ulisema muzuri. Lakini ulimuulizaka?" Nikamwambia kwamba nimewatetea akina mama wote, pamoja na Riziki. Akasema, "Sikuuliza hiyo." Akaingia ndani.

Riziki hakuwa ukumbini. Alikuwa shambani. Nadhani maneno yalimfikia siku ileile, kwa sababu kesho yake, siku yake ya kufua, kamba ilikuwa tupu.

Siku ya tatu alikuja shuleni wakati wa mapumziko. Alisimama mlangoni pa darasa, hakuingia, na hakulia. Nilipotaka kumshika alirudi nyuma hatua moja.

"Siku ya Mungu, hii Jumapili, utasimama mu kanisa," aliniambia. "Utasema ule mama haiko wa hapa. Iko wa kilima ingine."

"Riziki, nidanganye mbele ya altare?"

"Ulisema ukweli yangu mbele ya bantu bila kuniuliza. Sasa njo unashindwa kusema uongo moja yenye mi mwenyewe nakuomba?"

Nikamwambia mimi ni mwalimu. Nikamwambia watoto wananitazama, nitawafundishaje kusema kweli kama mimi nasimama kanisani kudanganya? Nilisema kwa sauti ile ya upole ninayoitumia na mtoto asiyeelewa hesabu. Sifa, sikuwa nailinda kweli. Siku tatu zile watu walikuwa wakinisimamisha njiani kunishukuru. Padri alikuwa amenitaja katika sala. Kusimama na kusema "nilikosea, si wa hapa" kungekuwa kuitapika sifa ile yote mbele ya watu walionipa. Nilishindwa. Nikaipa aibu yangu jina la ukweli.

Riziki aliniangalia kidogo. Akasema, "Sawa, Madame." Hakuniita dada tena tangu siku hiyo.

Wiki iliyofuata watu walikwenda nyumbani kwake. Hawa hawakuwa wale wa porini, walikuwa wa kwetu, na sitawataja kwa sababu watoto wao bado wako Kibabi. Walimtaka amtoe mtoto. Hakuwa naye wa kumtoa. Walimvunja mume wake mkono na kuichoma nyumba. Tuliona moshi kutoka shuleni, nami nikaendelea kuandika ubaoni, kwa kuwa sikujua nifanye nini na mikono yangu. Tulipotoka walikuwa wamekwisha kuondoka, yeye, mume na wale wasichana, kwa njia ya Ntoto.

Wale wageni wa mjini hawakurudi. Baadaye mtu alinionyesha karatasi yao yenye picha yangu, mkono juu, mdomo wazi. Niliitia motoni, kisha nikakasirika kwa sababu niliona nilikuwa nimependeza.

Mwaka uliofuata risasi zilifika Kibabi, nasi tukashika njia ileile. Huenda unakumbuka Ntoto. Ulikuwa na miaka saba, miguu ilikuwa imekuvimba, na mama mmoja alikupa ndizi za kuchemsha. Ndiye huyo. Nilimuulizia mpaka nikampata, ameweka meza ndogo ya chumvi na unga mbele ya nyumba ya watu. Mwenye nyumba alikuwa ameketi hapohapo na jirani zake wawili.

Aliponiona alisimama. "Karibu, Madame." Akaleta kiti, akakipangusa. Akaleta maji ya kunawa, kisha sahani. Nilikuwa nimetembea siku nyingi nikiwa na maneno mdomoni, na sikuweza kungoja. Nikaanza, "Riziki, ile siku ya Kibabi, mu ukumbi..."

Akaweka sahani kwenye mapaja yangu. "Kula kwanza, Madame. Safari iko murefu."

Nilipojaribu tena, akaniuliza habari za mvua. Nikajibu habari za mvua. Alinihudumia kama mke wa gavana. Katika maisha yangu sijawahi kuheshimiwa namna ile, wala kufukuzwa namna ile.

Tulipoondoka alitusindikiza hadi mwisho wa nyumba. Baba yako alitangulia nawe, na hapo tu ndipo Riziki alipozungumza nami.

"Hapa bananijua mama ya batoto wawili. Saa hii ulitaka kunifanya tena mama ya batatu mbele yao."

"Nilitaka kukuomba musamaha."

"Ile musamaha iko yako. Ni weye inawasha. Mi sina fasi ya kuiweka."

Nikasema kwamba nitarudi siku moja, tukiwa wawili tu.

"Hapana," alisema. "Kama unanipenda, pita."

Tukapita. Sikumwona tena. Nilisikia miaka mingi baadaye kwamba amekufa kwa ugonjwa. Sijui kama yule kijana alirudi. Na ninajua kwamba kwa kuandika haya natoa tena nje neno lililotakiwa kubaki shambani. Ndiyo maana Riziki si jina lake, na kilichoanikwa kwenye kamba hakikuwa shati. Uso wake unaweza kuukumbuka. Usitafute zaidi.

Ungedhani mtu aliyepita hapo amejifunza. Nami nilidhani hivyo. Tulipofika Mubi na baba yako akafa, nilijiambia kwamba sitasema tena jambo la mtu yeyote, popote. Nikawa mwanamke wa duka anayetabasamu. Watu walizungumza kwenye kaunta yangu juu ya nani alimuuza nani, juu ya vijana waliokufa kwenye mashimo ya madini na wakubwa waliowaficha, nami niliwapimia mchele. Wakaniita mwenye heshima. Niliona mambo ambayo mtu mmoja angeyasema mapema yangezuilika. Niliyaacha yapite. Kila mara nilijiambia namkumbuka Riziki, na kumbe nilikuwa nimemgeuza Riziki kuwa pazia la kujifichia.

Sasa nifike kwenye lile lako.

Unamjua Mama Kavira wa ng'ambo ya barabara kuliko ninavyomjua mimi. Kwangu alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, anayeuza maturubai na misumari, anayefunga duka lake kila Jumapili kwa ajili ya misa hata siku ya wateja wengi. Kwamba mume wake aliuawa njiani na gari lake, kila mtu alijua. Kwamba miaka yote hiyo hajawahi kulizungumza, hilo nalo kila mtu alijua. Halafu ulipoanza kusaidia kwenye redio ya hapa, yeye mwenyewe alikuita. Ulinisimulia ukicheka kwa furaha, jinsi alivyokuambia, "Binti, leta ile machine yako," jinsi alivyofunga mlango wa nyuma, na jinsi ulivyomuuliza mara tatu kama kweli anataka isikike redioni. Mara tatu, Sifa. Hukufundishwa na mtu. Akakujibu kwamba anataka, na utie jina lake.

Ulirudi ukaweka telefone uliyomrekodia kwenye umeme wa dukani, ukaenda kuteka maji. Nami nikaisikiliza.

Nilisikiliza yote. Nilipofika mahali anapotaja watu, nilisimama nikafunga mlango, kwa sababu wengine kati yao hupita mbele ya mlango wetu. Nikaona nyumba ya Kibabi ikiungua, kisha nikaona inayoungua ni hii, na wewe ndani. Nikabonyeza pa kufuta. Telefone iliniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena.

Telefone yako haikuwa mbovu. Yule fundi uliyempelekea alikuambia kweli kwamba haina kasoro, nawe ukamwita mwongo. Nilikuwa nimekaa karibu nikakusikia, nikaendelea kufunga sukari kwenye mifuko. Nilikuona unavyolia. Nikakuambia, "Ni mapenzi ya Mungu, muache tu." Hilo la kumtia Mungu ndilo linalonichoma kuliko kufuta kwenyewe.

Ukaenda kumwomba Mama Kavira aseme upya. Akakataa. Alikuambia, "Mi nilisema mara moja. Siingii mule tena." Na tangu siku ile unapita upande huu wa barabara kwa aibu, naye kila Jumamosi, saa ya kipindi chako, aliendelea kufungua redio. Nilimwona kutoka hapa. Aliongeza sauti, akasikiliza mpaka mwisho, akapunguza. Jumamosi nne, kana kwamba hakuamini kuwa imepotea.

Nilijiambia nimemwokoa asipatwe na yale ya Riziki. Lakini Riziki aliniomba lisisemwe, nami nikalisema. Mama Kavira aliomba lisemwe, nami nikalizima. Wote wawili walikuwa watu wazima wenye akili zao, wanaozijua hatari za mahali wanapoishi kuliko ninavyozijua mimi. Hakuna niliyemuuliza. Nilipopaza sauti na nilipozima sauti, nilikuwa yuleyule mwalimu anayedhani darasa zima ni la watoto.

Ningependa nikupe kanuni uende nayo Kisangani. Nimeitafuta wiki hii yote. Sina. Naona tu kwamba wewe ulimuuliza yule mama mara tatu na mimi, kwa umri wangu wote, sikuuliza hata mara moja. Na utakutana na siku ambapo mtu atakubali, nawe utajua kwamba akisema atachomewa nyumba. Siku hiyo sijui utafanya nini. Usinifuate mimi.

Leo asubuhi, ulipokuwa kwa fundi wa viatu, nilivuka barabara. Mama Kavira alikuwa anamkatia mteja turubai. Nilingoja mteja aondoke, kisha nikamwambia kila kitu, nimesimama, kwa kuwa hakunikaribisha kukaa. Aliendelea kulikunja lile turubai lililobaki. Nilipomaliza aliniuliza:

"Kumbe njo wewe uliisikia?"

"Nilisikia, Mama."

"Yote? Mpaka kule mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Aliweka turubai kwenye rafu. Alichukua muda kulinyoosha.

"Nilikaa na ile neno miaka yote nikitafuta muntu," alisema. "Nikachagua mutoto wako. Saa hii muntu mwenye iko nayo ni wewe. Sikukuchagua."

Nikasema, "Niko tayari kwenda redioni niseme yote ulivyosema."

"Kwa kinywa yako?" Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Hapana. Usiiseme kwa muntu. Ubaki nayo."

Akaingia mteja mwingine, akamuuliza anataka misumari ya ukubwa gani. Nikatoka.

Kwa hiyo usiniulize alisema nini. Utataka kuniuliza, na ni haki yako kutaka, kwa kuwa wewe ndiye uliyepewa. Lakini amenikataza, na hili moja nitalitii ingawa nimechelewa. Nimemwambia kwamba wewe hukujua, kwamba hukuogopa wala hukununuliwa na mtu. Alisikia.

Barua hii sitaitia kwenye begi uje kuikuta njiani, ukiwa Lubutu, mahali ambapo hasira yako haiwezi kunifikia. Nitakupa leo ukirudi. Kesho lori litapakia karibu na mlango wake, naye huwa amefungua saa hiyo. Kuvuka au kutovuka ni kwako. Sitakusindikiza upande ule.

Ukimaliza kusoma, niko nyuma ya duka, nachambua maharagwe. Njoo useme unayotaka kusema, kwa sauti unayotaka. Jirani wakisikia, wasikie. Sitakukatiza, na sitakukumbusha kwamba mimi ni mama yako.

Devota